Nyumba Isiyofuka Moshi Jumamosi

Nimefundisha insha kwa miaka mingi, na nawaambia bila kuficha: wanafunzi wangu wote walikutana na simba. Ukiandika ubaoni "Siku niliyokutana na mnyama wa porini," haziishi dakika arobaini kabla Kisii nzima haijajaa simba. Simba anatoka kwenye mgomba. Simba anamfukuza mtoto aliyetumwa chumvi. Sentensi ya kwanza amenguruma, ya pili ameonyesha meno, ya tatu baba amefika na panga, simba kafa, watu wanakula ugali. Nilikuwa natia wino mwekundu mpaka vidole vinauma. Nani alimwona simba pale Birongo? Tena simba gani huyu asiye na haya, anayejitokeza kabla hata hatujapata nafasi ya kuogopa?

Nikawa nawaambia: mwacheni mnyama, msimlete bado. Leteni kwanza mbwa aliyekataa kupita. Leteni ndege walionyamaza, na kondoo mmoja aliyeinua kichwa na majani mdomoni akasahau kutafuna. Msomaji akishaingiwa na shaka atawafanyia kazi yenu bure. Tena mtilieni katika hadithi mahali anapopajua, mlango anaoupita kila siku, ili akirudi nyumbani leo apite upande wa pili wa njia. Walinisikia, wengine wakaandika vizuri sana, na wakaguzi wakanisifu. Hakuna aliyeniuliza hayo niliyajifunzia wapi. Niliyajifunzia kwenye palizi ya wimbi, mwishoni mwa miaka ya sitini, na aliyeumia hakuwa mimi.

Niliolewa kwenye kilima kimoja juu ya Ogembo, nikitoka upande wa Nyamira. Nilikuwa nimefika kidato cha pili, na siku zile hilo lilitosha kukupa chaki, kwa hiyo nikafundisha shule ya msingi ya hapo karibu bila kupitia chuo. Mume wangu alikuwa karani Kericho, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Nilibaki na baba mkwe, mzee mpole asiyependa kelele, na wake zake wawili. Mkubwa ndiye aliyemzaa mume wangu, yeye ndiye mama mkwe wangu. Wa pili tulimwita Mama Mdogo. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa, karibu na kijito, na shamba lake liliteremka polepole mpaka majini. Naye alitoka Nyamira kama mimi. Alijaliwa mabinti watatu, wote walishaolewa. Mtoto wa kiume hakupata.

Mama Mdogo alikuwa Msabato katika kilima cha Wakatoliki. Alikuja na dini yake kutoka kwao, na baba mkwe akamwachia. Ijumaa mchana alipika chakula cha siku mbili, akachota maji, akapasua kuni, na jua likizama ndiyo basi, hakuwasha moto tena mpaka Jumamosi jua lizame. Sisi wengine Jumamosi ndiyo siku ya kuchemsha ndizi na kufua, moshi kila mahali. Paa lake peke yake lilikuwa tupu. Na kila mtu alijua kwa nini. Watoto wa darasa la kwanza walijua! Shikeni hilo, maana ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Tena hakunywa chai, dini yake haikuitaka. Na miaka hiyo chai ndiyo ilikuwa imeingia kwetu kwa kishindo, kila mwenye mteremko anatafuta miche. Bwana shamba alipita akitazama udongo, akasema shamba la Mama Mdogo ni zuri kuliko yote ya boma lile. Mama mkwe akateremka kumwambia apande. Mama Mdogo akamjibu, "Dada, siwezi kupanda nisichokunywa." Hakugomba, hakuinua sauti, akaendelea na wimbi lake na migomba yake. Mama mkwe alirudi akakaa jikoni, akamenya ndizi mpaka sufuria ikajaa, asiseme neno. Mimi ni mtu wa kushuku, nilizaliwa hivyo. Ukimya ule sikuupenda hata kidogo.

Basi, siku moja natoka shule saa kumi za jioni, daftari za watoto ziko kwenye kikapu kichwani. Nilipofika kwenye mikaratusi juu ya kijito, nikasikia kuku amelia mara moja, kisha kimya. Nikasimama. Kwenye nyasi akatokea mnyama, kuku mdomoni. Alikuwa na madoa, ndiyo. Lakini alikuwa mwembamba, miguu mirefu, masikio makubwa yamesimama wima, mkia mfupi usiofika chini. Alikuwa mondo, yule paka wa porini, mwizi wa kuku. Nilimjua palepale, kwa sababu kwetu Nyamira mondo walimtesa mama yangu miaka nenda miaka rudi. Akanitazama, nikamtazama, akaruka ua wa Mama Mdogo na kupotelea migombani. Nikacheka peke yangu, nikaenda zangu. Hiyo ndiyo hadithi ya kweli, yote nzima, na kama mnavyoona haitishi hata mtoto.

Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa zamu ya shamba la mama mkwe katika egesangio, kile kikundi cha wanawake wanaolimiana kwa zamu. Leo kwangu, keshokutwa kwako, na mwanamke asiye na egesangio wimbi lake humezwa na magugu. Mama Mdogo alikuwa mmoja wetu, ila Jumamosi hakuja, na hakuna aliyemlaumu, siku nyingine alifidia kwa kuanza mapema kuliko sote. Tulikuwa kumi na mmoja, tumeinama mstari mmoja, kila mtu na kijembe chake. Palizi ya wimbi huchosha akili kuliko mgongo. Wimbi na gugu lake hufanana, ukipepesa macho umeng'oa chakula cha watoto. Ndiyo maana lazima mtu aongee, watu wasisinzie.

Wakanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe mwenye vitabu, tupe kitu. Ama huko shule hufundishwa kunyamaza?" Wakacheka. Nilikuwa bado bibi arusi, mgeni, natafuta kupendwa. Nikafungua mdomo nikitaka kuwapa mondo, naapa. Lakini nikaona mbele yangu jinsi itakavyokuwa: nitasema mondo, watasema "aa," na mmoja ataanza habari za bei ya chumvi Ogembo. Kwa hiyo sikumtaja. Nikasema, "Juzi nikitoka shule, nilikuta mbwa amesimama njiani kwenye mikaratusi, amekataa kupita."

Hakukuwa na mbwa. Lakini mgongo mmoja uliacha kuinama. Nikasema ndege wote walinyamaza, na mgongo wa pili ukainuka. Nikasema nyasi zililala upande mmoja na upepo haukuwepo. Nikasema nilisikia harufu.

"Harufu gani, Mwalimu?"

"Harufu ya kitu kinachoishi na watu."

Sentensi hiyo ilitoka wapi? Sijui. Ilikuja yenyewe, na ilipotoka niliisikia tamu mdomoni, siwezi kudanganya. Vijembe vyote vilikuwa vimesimama. Mimi, msichana wa kuja, nilikuwa nimewasimamisha wanawake kumi kwa mdomo tu, na wengine wao wana wajukuu! Nikaendelea. Nikasema niliona madoa. Nikasema niliona mkia, na mkia wenyewe nikaurefusha, ukapita kwenye nyasi, ukapita, nikachoka kuungoja uishe. Chui sikumtaja. Bibi mmoja ndiye aliyelitoa neno, kwa sauti ya chini, kwa Kigusii: "Engo." Yaani chui mwenyewe. Wote wakaguna. Mimi sikukubali, sikukataa, nikainamia wimbi langu kama mtu anayeogopa kusema zaidi.

Ndipo mama mkwe, aliyekuwa mwisho wa mstari, ambaye tangu nianze hakuwa ameinua kichwa, akauliza, "Mkia huo uliishia wapi?"

Ningeweza kusema migombani. Ningeweza kusema mtoni. Lakini hadithi ilitaka mlango, na mimi nilikuwa nimeshalewa. Tulikuwa tunatazama bondeni sote. Nyumba zote zilikuwa na moshi, isipokuwa moja. Nikasema, "Uliishia kule kusikofuka moshi."

Hakuna aliyecheka. Wahenga walisema penye moshi hapakosi moto, lakini siku ile watu walianza kuogopa mahali pasipo na moshi. Wote walijua ni Sabato. Wote walikuwa wameliona paa lile tupu kila Jumamosi kwa zaidi ya miaka ishirini. Lakini hadithi ikikuuliza upya jambo unalolijua, unaona haya kujibu kwa jibu la jana. Mama mmoja akasema taratibu, "Kwani moto anauogopea nini?" Na mwingine akasema, "Si yeye anayeuogopa." Basi, ikawa hivyo.

Wiki iliyofuata zamu ilikuwa ya Mama Mdogo. Alipika uji wa wimbi chungu kizima, akakaa mlangoni akingoja. Hakuja mtu. Huyu mgongo, huyu mtoto anaharisha, huyu kaenda kwao Nyamarambe ghafla. Mimi nilikuwa shule, nilikuwa na sababu halali, na nimeing'ang'ania sababu hiyo kwa miaka yote. Nilipopita jioni nilimwona yuko peke yake katikati ya shamba, amepalilia kipande kidogo kama ukumbi wa nyumba. Magugu yalikuwa yameshafika magotini.

Kisha mwanakondoo wa jirani akakutwa ameliwa nusu pale kijitoni. Mbwa wa kilima kile walikuwa wengi na wote wana njaa, lakini nani atamshuku mbwa wakati chui ameshapatikana? Watu wakasema Mama Mdogo anafuga chui, anamtuma kwa wenye watoto wa kiume. Lisemwalo lipo, wakasema. Shuleni niliwapa watoto insha ya "Kijiji chetu," kichwa kipole kabisa, na daftari zikarudi zimejaa chui. Mmoja aliandika kwamba Mama Mdogo humwita kwa jina la mumewe. Mwingine aliandika kwamba mwanamke huyo hupika Ijumaa chakula kingi kuliko awezacho kula mtu mmoja. Basi, sentensi moja tu, na haikumtaja mnyama kabisa. Nikamwandikia "Vizuri sana." Mungu anisamehe, ilikuwa imeandikwa vizuri.

Hapo nikaogopa kweli. Nikamwandikia mume wangu barua, nikamweleza ukweli wote, mondo na kuku na upuuzi wangu. Akajibu kwa mistari mitatu. Nisijiingize katika mambo ya wazee. Mama yake anajua anachofanya. Tena lile shamba la kijitoni ni zuri. Nilisoma mstari wa mwisho mara nyingi. Mimi nilikuwa nimemwandikia habari za mnyama, shamba sikuwa nimelitaja hata mara moja.

Siku chache baadaye, mama mkwe yuko sokoni Ogembo, Mama Mdogo akaja. Alisimama mlangoni pa jiko langu, hakuingia.

"Hujambo, Mwalimu?"

"Sijambo, Mama Mdogo. Karibu ndani."

"Nimeshakaribia, hapa panatosha." Akatazama mikono yake. "Wanasema ulimwona mnyama akiingia kwangu."

"Nilimwona."

"Alikuwa na masikio makubwa?"

"Ndiyo."

"Mkia mfupi?"

"Ndiyo, Mama."

"Ni mondo huyo," akasema, na uso wake ukalegea kidogo, kama mtu aliyekuwa ameanza kujishuku mwenyewe. "Amenimaliza kuku. Nilidhani labda kuna mwingine nisiyemjua. Sasa mbona wanasema chui?"

"Watu, Mama Mdogo. Watu huongeza."

Niliwasingizia watu, mchana kweupe, mbele yake! Aliniamini, au alijifanya kuniamini, sikuweza kujua. Akaniambia wazee watakutana uani Jumapili baada ya misa. Walimtaka aape kile kiapo cha zamani, ambacho mwongo akikila hufa na kizazi chake, naye amekataa. Si kwa hofu, dini yake imemkataza kuapa. "Wanasema kukataa ndiko kukiri. Nimewaambia, basi, muulizeni aliyeona. Wewe ni mtoto wa kwetu Nyamira, tena umesoma. Waambie ulichoona, Mwalimu. Wasiponisikia nitafukuzwa, na mimi nyumba nyingine sina."

Nikamwambia nitasema. Nilimaanisha.

Jumapili ikafika, wazee wakakaa uani, wanane pamoja na baba mkwe. Mimi nilikuwa ndani kwa mama mkwe, na hapa lazima nieleze kwa asiyejua mila yetu. Mkaza mwana hasimami mbele ya baba mkwe na wazee wa rika lake akaanza kuzungumza. Kuna chinsoni, ile aibu ya heshima, na kuivunja ni sawa na kumvua mzee nguo mbele za watu. Wakitaka kuniuliza jambo, swali hupewa mama mkwe, yeye huliingiza ndani, na jibu hutoka kwa mdomo wake. Nilikulia katika mila hiyo. Sikuwahi kuiona na tatizo lolote mpaka siku ile.

Mama mkwe akaingia, akasimama karibu yangu. "Wanauliza, yule mnyama alikuwa na madoa?"

"Alikuwa na madoa, Mama, lakini alikuwa mondo. Mwenye masikio makubwa. Hakuwa chui."

Akakaza kitambaa chake kichwani. "Na aliingia kwake?"

"Aliruka ua wake, na kuku wake mdomoni. Mondo, Mama. Tafadhali waambie ni mondo. Yale mengine niliyaongeza mimi."

"Nimesikia," akasema, na akatoka.

Nikakimbilia ukutani, palikuwa na ufa kwenye udongo. Nikasikia sauti yake, safi, haina haraka: "Anasema alikuwa na madoa. Anasema aliingia kwake." Kisha akakaa.

Hakusema uongo. Kila neno lilikuwa langu, hakuongeza hata moja. Nilikuwa nikijiona fundi wa kurefusha mkia, kumbe ninaishi na fundi mkubwa kuliko mimi, ambaye hahitaji kurefusha kitu. Yeye alikata tu, na alipokata, chui mzima akabaki amesimama uani mbele ya wazee wanane.

Nikasimama. Mlango ulikuwa hatua nne. Nje nilimsikia Mama Mdogo akisema, "Muulizeni tena." Mzee mmoja akajibu, "Ameshaulizwa, mama. Ameshajibu." Neno moja tu lilihitajika, na nilikuwa nalo mdomoni. Nikajiambia nikitoka watamtukana baba yangu mzazi kwamba hakunifunza adabu. Nikajiambia nitangoja mume wangu aje, aseme yeye. Nikajiambia wazee watapoa wenyewe. Nikakaa chini.

Kwa miaka mingi nimeilaumu chinsoni, na watu hunielewa nikisema hivyo, huguna kwa huruma. Lakini mimi ni mtu wa kushuku, na mtu wa kushuku akikosa wa kumshuku hujigeukia. Barua ya mume wangu ilikuwa kwenye sanduku langu. Nilijua tayari shamba lile litakuwa la nani. Je, miguu yangu ilishikwa na heshima peke yake? Mtu mwingine angenisimulia hivyo nisingemwamini.

Baba mkwe alisema amechoka, hataki damu wala maneno nyumbani mwake, mwanamke arudi kwa ndugu zake. Mama Mdogo aliondoka Jumapili iliyofuata, baada ya kuitunza Sabato yake ya mwisho pale. Alikuwa na kikapu, jembe, na kuku mmoja aliyesalia amefungwa miguu. Alipofika mlangoni pangu akasimama.

"Kwaheri, Mwalimu," akasema. "Unasimulia vizuri."

Hakusema kwa hasira. Ningeomba anitukane, ningepumua. Alisema kama mwanamke anayemsifu mwenzake kwa upishi, akapanda njia ya kwenda barabarani. Mwaka haukuisha, shamba likagawiwa mume wangu.

Mama mkwe alifariki katikati ya miaka ya sabini, na mimi ndiye niliyemwuguza. Tuliishi vizuri, na siku zote nilikuwa nataka kumwuliza jambo moja: siku ile ya palizi, aliuliza mkia uliishia wapi kwa sababu alitaka kujua, au kwa sababu alijua nitakavyojibu? Sikuuliza. Nadhani niliogopa anijibu. Mwezi mmoja baada ya mazishi nilikwenda Nyamira kumwona mama yangu, na siku ya pili nikaanza kuulizia kwa ndugu za Mama Mdogo.

Haikuwa mbali. Nilikuta boma safi, nyumba nne zimekaribiana, na ya tano imejengwa peke yake ng'ambo ya migomba, nje ya ua. Sikuhitaji kuelekezwa ni ya nani. Nilipouliza, mtoto mmoja alininyooshea kidole akiwa mbali, akakataa kunisindikiza. Nikaelewa kwamba hadithi yangu ilifika pale kabla ya Mama Mdogo mwenyewe, na ndugu zake walimpokea kwa sababu ni damu yao, lakini walimpokea hivyo.

Nikaomba kuzungumza na kaka yake mkubwa. Alikuwa amekaa kibarazani na mkewe na mabinti wawili, wanapukuchua mahindi. Mama Mdogo naye akaitwa, akaja, akakaa pembeni kwenye jiwe. Alikuwa amezeeka, lakini alinijua mara moja, akaniitikia kwa kichwa. Hapa hakukuwa na baba mkwe wala wazee wa boma letu, hakukuwa na wa kunizuia. Nikasimama, nikasema kila kitu. Nikasema hakuwa chui, alikuwa mondo. Nikasema mbwa sikumwona, harufu sikuisikia, mkia niliurefusha mimi ili wanawake wanipende. Nikasema niliulizwa, nikajibu kweli, jibu likakatwa, nami nikanyamaza.

Wakaendelea kupukuchua. Nilisikia mwenyewe jinsi maneno yangu yalivyokuwa makavu. Ukweli ule ulikuwa mfupi, na masikio makubwa ya mondo hayakumtisha wala kumfurahisha mtu.

"Mondo," akasema mke wa kaka.

"Ndiyo, mama. Mondo tu."

"Miaka yote hii, ndiyo unakuja leo kutuambia mondo?" Akamtazama mumewe. "Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nimekuja mwenyewe."

"Na kwa nini uje leo? Mama mkwe wako si amefariki juzi?"

Nikaona walivyonitazama, na niliutambua mtazamo ule, kwa maana mimi ndiye niliyewafundisha watu wa kilima changu kutazama hivyo. Walikuwa wanatafuta nyuma yangu kitu nilichokuja nacho. Kaka mtu akaliweka gunzi chini, akajipangusa mikono. Alikuwa mtu wa adabu. Akaniambia, "Mwalimu, asante kwa kuja. Nina swali moja. Lile shamba la dada yangu, la pale kijitoni, siku hizi analilima nani?"

Nilitazama chini. Hakukuwa na mtu wa kunibebea jibu hili.

"Mimi," nikasema. "Nimepanda chai."

Mkewe akacheka kidogo, akarudi kwenye mahindi yake, shauri limekwisha. Mabinti wakainama. Ni Mama Mdogo peke yake aliyeinua macho, na kwa mara ya kwanza tangu niingie akaniuliza jambo.

"Imeshika?"

Nikamwambia imeshika vizuri sana.